Baragumu Jipya la Kitopeni

Jinsi Ngwali alivyofika Mwitiko haina haja ya kusimuliwa. Njia ilikuwa ndefu, viatu viliisha, na mwishowe akafika. Wanaotaka habari za milima na mito watazipata kwa wasafiri wengine, ambao hawana la maana zaidi la kusema. Yeye kwao alikuwa karani wa mifereji, mtu wa miaka arobaini na kitu, mkimya, mwenye tabia ya kuandika kila anachokiona hata kama hakuna atakayekisoma. Wakubwa wa mji wake walimtuma akachunguze jambo moja tu. Ilisemekana kwamba Mwitiko hakuna mlinzi hata mmoja, wala zamu, wala mtu wa kukaa akisubiri kazi, na bado kila kazi hufanyika kwa wakati wake. Wakubwa hao walikuwa wamechoka kulisha walinzi wanaosinzia.

Siku ya kwanza alipelekwa kwenye Ghala. Lilikuwa jengo refu lisilo na madirisha, na ndani yake rafu za mbao kutoka sakafuni hadi darini. Juu ya kila rafu alilala mtu chali, mikono kifuani. Hao waliitwa waitwa. Kila mmoja wao alikuwa amefundishwa kazi moja katika maisha yake, na kwenye kidole gumba cha mguu wake ilifungwa kamba nyembamba iliyopenya ukutani na kwenda hadi Mnara wa Midomo, kwenye baragumu fulani. Baragumu likipulizwa halisikiki mjini, kwa kuwa sheria ya Mwitiko inakataza kelele za kuwasumbua wasiohusika. Pumzi hutikisa kamba tu. Aliyefungwa kamba ile huamka, hufanya kazi yake kwa muda wa kibuyu kimoja cha mchanga, kisha hulala tena. Mchanga ukiisha kabla hajarudi, hulala papo hapo alipo, na wachukuzi huenda kumzoa.

"Na akiamka mara ya pili," alieleza Bi Zamoyoni, mkuu wa Ofisi ya Masikio, ambaye Ghala lilikuwa chini yake, "hakumbuki ya mara ya kwanza. Anaamka na yale aliyokuwa akiyajua siku tuliyomlaza. Hayapungui, hayazidi. Hana nyumba ya kufagia, hana mawazo."

"Na asipoitwa?" Ngwali aliuliza.

"Asipoitwa, basi hakukuwa na kazi."

Jibu hilo lilimpendeza Ngwali, na inafaa lisemwe wazi kwamba lilimpendeza. Aliliandika kwa herufi kubwa na kulipigia mstari chini yake. Aliona tayari jinsi wakubwa wake watakavyochekelea.

Wageni wa Mwitiko hupangiwa nyumba za kufikia, naye akapangiwa Kitopeni, mtaa ulio chini ya tuta la mto, kwa mpika sabuni mmoja aitwaye Mashavu. Mashavu alikuwa mwanamke wa maneno machache na mikono iliyobabuka kwa magadi. Aliishi na mama yake, Bi Kazija, ambaye miguu ilikuwa imemkataa miaka mitano iliyopita na sasa alikaa kitandani kando ya dirisha, akiuona mtaa mzima na kuusema mtaa mzima. Ngwali alimwamkia shikamoo kila asubuhi, na kila asubuhi bibi aliitikia kisha akamchungulia daftari.

"Mwanangu, unaandika kama kuku anayetafuta punje," alimwambia. "Nani atasoma hayo?"

"Wakubwa wangu, mama."

"Wana macho makali basi."

Ngwali alimpenda bibi yule upesi kuliko alivyokusudia.

Haikuchukua siku nyingi akaelewa kilichokuwa kikimkosesha Mashavu usingizi. Maji ya Kitopeni yaliingia kwa mfereji kutoka mtoni, na penye tuta palikuwa na lango la chuma. Mto ukijaa, lango lisipofungwa, mtaa unageuka bakuli. Kulifunga si kazi ngumu kwa mwenye nguvu aliyefundishwa, na kweli alikuwepo aliyefundishwa: Feruzi, mdogo wake Mashavu, aliyelazwa Ghalani miaka sita iliyopita na mpini wa lango kifuani, kwa sababu kisheria mpini haukai na mtu mwingine. Ila kamba yake haikufungwa kwenye baragumu lolote. Ilikuwa imeviringishwa vizuri kando ya mguu wake. Miaka sita hakuitwa, na katika vitabu vya Ofisi ya Masikio, hakukuwa na kazi.

"Baragumu lipo," Mashavu alimwambia Ngwali jioni moja akikoroga sufuria. "Baragumu la Maji. Juu kule mtoni kuna boya. Maji yakipanda, boya linavuta uzi, mpulizaji anaamka, anapuliza. Halijawahi kukosea tangu mimi mtoto. Lina kamba saba. Moja inamwamsha karani aandike kwamba maji yamepanda. Moja ya kukunja mazulia ya ofisi. Nyingine sijui za nini. Mazulia yana kamba, kaka Ngwali. Sisi hatuna."

"Si wafunge ya nane?"

Mashavu alimtazama kwa namna ya mtu aliyekwisha kulia machozi yake yote juu ya neno moja. Kisha akamweleza. Kamba haifungwi bila ruhusa mbili. Ofisi ya Masikio ikubali kwamba Feruzi anaweza kuitwa, na Ofisi ya Midomo ikubali kwamba baragumu linaweza kumwita. Ya kwanza alikuwa akiipata kila mwaka. Ya pili alikuwa akipigwa danadana mpaka ile ya kwanza inaisha muda wake.

Ngwali, kwa kuwa alijiona mtu wa ofisi anayeijua lugha ya maofisa, aliamua kumwandikia ombi kwa mkono wake. Waliongozana hadi Mnara wa Midomo. Mkuu wa ofisi ile, Bwana Tindwa, aliwapokea kwa adabu, akawaagizia viti, akalisoma ombi mara mbili.

"Limeandikwa vizuri sana," alisema. "Tatizo ni moja. Mnaomba kufungwa kwenye baragumu lililopo."

"Ndiyo, bwana mkubwa," Mashavu alijibu. "Ndilo linalojua habari za maji."

"Lile lilitundikwa na aliyenitangulia. Jina lake limechongwa pale. Nikifunga kamba ya nane, nani atajua kwamba nami nilipata kukaa katika kiti hiki?" Hakulisema kwa aibu wala kwa kujigamba, alilisema kama mtu anayeeleza saa za kufungua ofisi. "Hapa ombi jipya hupewa kitu kipya. Nitawapa Kitopeni baragumu lenu wenyewe, kubwa kuliko lile, na kitambaa chekundu siku ya kulizindua."

"Na hilo jipya litapulizwa na nani?"

"Upulizaji si wetu, dada. Ni wa Ofisi ya Pumzi."

Ngwali aliingilia hapo. Alisema kwamba kwao, jambo la namna hii lingemalizwa kwa mtu mmoja kukaa langoni akiutazama mto. Makarani wote walicheka, na Bwana Tindwa alicheka pia, kisha akaacha ghafla.

"Kukesha bila kuitwa ni kosa katika nchi hii, mgeni, nami sitaandika kwamba umelitamka. Mababu zetu walikaa wakitazama mito. Walikufa wamechoka."

"Walikufa wakavu, bwana mkubwa," Mashavu alisema.

Hakuna aliyecheka mara hii. Lakini ombi lilikwisha pigwa muhuri wa kitu kipya, na muhuri wa Mwitiko haufutiki.

Kwa mara ya kwanza mambo yalikwenda haraka. Ndani ya siku tisa baragumu jipya lilitundikwa mnarani, hatua tatu kutoka lile la zamani. Lilikuwa zuri kweli, la pembe ya nyati iliyosuguliwa, na mdomo wake ulizibwa kwa nta mpaka mpulizaji atakapoteuliwa. Kamba nyeupe ilivutwa hadi Ghalani na kufungwa kwenye kidole cha Feruzi. Kukawa na hotuba. Bi Kazija aliletewa kipande cha kitambaa chekundu nyumbani, akakitazama na kuuliza kama kinafaa kuwa kitambaa cha kufutia sufuria.

Iliyobaki ilikuwa karatasi ya ushahidi. Sheria ilitaka mtu asiye wa Mwitiko, asiye na upande, ayathibitishe kwa sahihi yake maneno haya: Nimeona kamba imefungwa, nayo imefungwa barabara. Bwana Tindwa alimletea Ngwali karatasi ile mwenyewe. Ngwali aliivuta kamba kule mnarani, ingawa kamba ya baragumu haimwamshi mtu kwa mkono ila kwa pumzi, akaenda Ghalani na kumwona Feruzi, kijana mwenye uso wa utulivu, kidole chake bado kikicheza kidogo. Kamba ilikuwa imefungwa, na ilikuwa imefungwa barabara.

"Kaka Ngwali," Mashavu alimwambia kwa sauti ya chini, "umeona kamba tu. Hujaona pumzi. Usitie sahihi."

"Nikikataa watakurudisha mwanzo wa foleni, dada. Tushike hili kwanza. Pumzi utaiomba kesho."

"Wakishapata sahihi yako wataandika kwamba wamemaliza."

Ngwali alijua kwamba huenda ni kweli. Lakini muda wake wa kukaa Mwitiko ulikuwa unakwisha, alikuwa amechoka na nenda rudi, na moyoni alitamani kuondoka akiwa ametenda jambo moja jema lenye mwisho. Alitia sahihi. Alijisikia mwepesi, hata akanunua ndizi njiani kumpelekea Bi Kazija. Wepesi ule ndio alioukumbuka baadaye kuliko kitu chochote, na ndio uliomtia aibu.

Siku ya tatu tangu hapo, saa nane mchana, hakukuwa na wingu hata moja juu ya mji. Mvua ilikuwa imenyesha mbali, milimani, ambako hakuna mtu wa Mwitiko aliyewahi kwenda. Mashavu alikuwa amepanga foleni Ofisi ya Pumzi tangu asubuhi kuomba mpulizaji. Ngwali alikuwa mnarani akichora Baragumu la Maji kwa ajili ya ripoti yake, alipomwona mpulizaji wa zamani, mzee mwembamba aliyelala chini ya pembe, anafumbua macho, anainuka, anapuliza.

Hakuna sauti iliyotoka. Kamba saba zilitikisika zote pamoja, zikatulia. Mzee akarudi kulala. Hatua tatu kutoka pale, kamba nyeupe haikutingishika hata kidogo.

Ngwali alitupa daftari. Alilirukia baragumu jipya na kuanza kuibandua nta kwa kisu cha kuchongea kalamu, akiwa na wazo moja tu kichwani, kwamba pumzi yake nayo ni pumzi. Hakujua kwamba nta ile ilikuwa na uzi wake. Uzi ule ulifanya kazi barabara. Waitwa wawili, wanaume wenye mabega mapana waliofundishwa kukamata wanaogusa mabaragumu, walipanda ngazi mbio na kumshika mikono, mmoja kulia na mmoja kushoto.

"Maji yanakuja," Ngwali aliwaambia. "Mtaani kuna bibi asiyeweza kutembea. Nipulize mara moja tu, kisha mnifanye mnalotaka."

"Umegusa nta," alisema wa kulia. Hawakuwa na ubaya naye. Hawakuwa na jambo lingine lolote akilini.

Walimshika hivyo mpaka mchanga wao ukaisha, na mchanga ulipoisha walilala palepale, vidole vyao vimekaza mikono yake kama kufuli. Alipiga kelele, akavuta, akawauma, wala hawakuamka, maana hawakuitwa. Mbele yake palikuwa na dirisha la mnara. Chini, katika ua wa ofisi, aliwaona watu wakikunja mazulia kwa ustadi mkubwa na kuyapandisha juu. Mbali zaidi aliiona Kitopeni. Maji yalipita langoni bila haraka, yakaingia njia ya kwanza, ya pili, yakapanda milango. Aliona watu juu ya mapaa. Paa la nyumba ya Mashavu aliliona pia, na juu yake hapakuwa na mtu. Alilia kwa sauti, mtu mzima, katikati ya watu wawili waliolala.

Wachukuzi walikuja kumfungua jua likiwa linashuka. Waliokufa walikuwa thelathini na wawili. Bi Kazija alikutwa kando ya dirisha lake, kitanda kimeelea na kugeuka.

Kwa kuwa Mwitiko ni nchi ya utaratibu, Baraza la Uchunguzi lilikaa kesho yake asubuhi, na kufikia adhuhuri lilikuwa limekamilisha kazi. Karani wa maji alionyesha kitabu chake: maji yalipanda, na yaliandikwa. Ofisi ya Midomo ilionyesha kwamba Baragumu la Maji lilipulizwa bila kuchelewa. Ofisi ya Masikio ilionyesha kwamba Feruzi hakuwahi kuitwa akakosa kuitika. Ikasomwa na karatasi ya mgeni: Nimeona kamba imefungwa, nayo imefungwa barabara.

Ngwali alisimama. "Waheshimiwa, niliulizwa kuhusu kamba peke yake. Mtu wa nyumba ile alinionya nisitie sahihi, nami sikumsikiliza. Naomba niandikwe hivyo."

"Ushahidi wako tunao tayari," alisema Bi Zamoyoni kwa upole. "Ni mzuri, wala hauhitaji nyongeza."

Alimtafuta Mashavu kwa macho. Alikuwa mwisho wa ukumbi, nguo zake bado zimelowa, hakulia na hakumtazama. Ngwali alitamani amtukane. Matusi yangempa kitu cha kubeba.

Baraza liliona kwamba kila sehemu ilifanya kazi yake na kwamba hakuna mwenye kosa. Hata hivyo, kwa kuwa watu walinung'unika, liliamua baragumu jipya lijaribiwe mbele ya wote ili mioyo ipoe. Ofisi ya Pumzi, ambayo kwa kawaida huteua mpulizaji kwa miezi saba, ilimteua kwa saa moja. Siku ya tatu wakubwa walikwenda kusimama juu ya tuta, viti vyao vikatangulia.

Kitopeni ilikuwa bado imejaa maji hadi viunoni, lakini mto ulikuwa umeshuka, na maji ya mtaani yalikuwa yameanza kurudi mtoni kupitia langoni, taratibu, yakitoka na takataka, viatu na vyungu. Watu walikuwa wakiyasukuma kwa makarai, na maiti mbili zilikuwa bado hazijaonekana. Mashavu alipanda tuta hadi mbele ya Bwana Tindwa.

"Bwana mkubwa, msilifunge leo. Maji yanatokea hapo. Likifungwa yatabaki na sisi, na mpini utarudi Ghalani."

"Ni jaribio tu, dada."

"Na nani atalifungua?"

Bwana Tindwa aliinama kumsikiliza karani wake, kisha akamjibu kwa heshima kwamba ufunguaji wa lango unahitaji mwitwa wake mwenyewe, na kwamba ombi la namna hiyo likiletwa litapewa baragumu jipya.

Bendera ilipungwa kuelekea mnarani. Muda si mrefu Feruzi alitokea, akikimbia juu ya tuta na mpini begani, kijana wa miaka ishirini na sita mwenye uso wa miaka ishirini, miguu peku, kibuyu cha mchanga kikining'inia kiunoni. Hakuangalia viti. Gurudumu la lango lilikuwa upande wa mtoni, na alipolishika alikuwa ameupa mtaa mgongo. Alichomeka mpini, akaegemea, akazungusha. Ngwali hakuwahi kuona mtu akifanya kazi vizuri namna ile. Chuma kilishuka kwa mlio mmoja mrefu, maji yaliyokuwa yakitoka yakakatika, na wakubwa wakapiga makofi.

Mchanga ulikuwa umebaki kidogo. Feruzi alipangusa jasho na kumwona dada yake amesimama karibu. Uso wake ulichangamka.

"Mashavu. Mbona umekonda hivi?" Alimtazama vizuri zaidi, akacheka kidogo. "Nimelifunga. Halipiti hata tone."

"Nimeona," Mashavu alisema. "Umelifunga vizuri." Alimsogelea, akamshika mabega kwa mikono yote miwili ili asigeuke.

"Mama amerudi kutoka sokoni? Niliondoka asubuhi bila kumuaga."

Mashavu aliutazama mchanga. Nyuma ya mdogo wake, maji yalisimama milangoni yakiwa yametulia kabisa, na mtu mmoja katikati yake alikuwa ameacha kuyasukuma kwa karai.

"Bado," akamwambia. "Anarudi sasa hivi."

"Mwambie nimemngoja," Feruzi alisema, na mchanga ukaisha, naye Mashavu akamlaza juu ya tuta polepole, kichwa chake kikielekea mtoni.